Nimekatiwa simu hewani kwa kusema samurai walipiga bunduki!

Wakuu, chai imepoa hapa mezani sijaigusa. Sijalala. Yule jamaa wa simulizi za historia, mwenye sauti kama radi ndani ya pipa, sina haja ya kumtaja, wote mnamjua. Jana usiku kafungua simu wasikilizaji tuchangie mada ya samurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani. Nimesubiri dakika arobaini, salio linayeyuka kama barafu ya Ramadhani, kwa sababu alikuwa amesema samurai hawakuwahi kugusa bunduki, ilikuwa mwiko, ni upanga tu.

Zamu yangu ikafika. Nikamsalimia vizuri. Nikasema, kaka, Wareno walifikisha bunduki Japani mwaka 1543, kwenye kisiwa cha Tane...

AKANIKATIA.

"Dada, hayo ni ya katuni." Kisha kicheko, kha kha kha, kisha muziki. Mimi simu bado iko sikioni! "Gashima" imenikwama kooni hadi saa hizi!

Sikufika hata kwenye vita vya Nagashino, jamani. 1575! Wababe wa vita Oda Nobunaga na Tokugawa Ieyasu waliweka watu wa bunduki nyuma ya uzio wa miti, farasi wa adui yao Takeda Katsuyori wakaja mbio wakalala pale pale. Bunduki za utambi zile, unamimina baruti, unashindilia risasi, unapuliza utambi usizime. Kabla hujafyatua ya pili mtu ameshasonga ugali akala. Na Wajapani walizipenda hadi bunduki yenyewe wakaiita tanegashima, jina la kisiwa chenyewe. Na huo upanga anaouimba, samurai wa zamani sifa yao ilikuwa upinde na farasi! Ningemweleza yote. Lakini alinikatia. Katikati ya neno, wakuu. Hata mgambo hukuacha umalize jina lako.

Mzee_wa_Gahawa: Pole sana binti yangu. Huyo huyo alisema shogun, yaani jemadari mkuu, ndiye mfalme wa Japani. Kaizari alikuwepo Kyoto muda wote, ila nguvu hana. Mashogun wa ukoo wa Tokugawa walitawala wakiwa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, tangu 1603 hadi 1867. Nikaandika maoni ya adabu kabisa. Akayafuta.

Kisu_Butu: Dakika arobaini kwa ajili ya kisiwa? Povu lote hili ungefua mashuka ya mtaa mzima.

Mtoa mada: Sio povu! Alicheka, halafu akapiga MUZIKI!

Binti_Lindi: Mimi kaniudhi zaidi kwa Yasuke. Kamtaja sekunde tatu kama kichekesho. Mwafrika aliyefika Japani 1579 na padri Valignano, Nobunaga alipomwona 1581 akamvua nguo hadi kiunoni kuhakikisha ile rangi ni ngozi na si wino! Akampa nyumba na upanga. Alfajiri bwana wake alipogeukwa pale hekalu la Honnoji, 1582, Yasuke akaenda kupigana upande wa mtoto wa bwana. Sekunde tatu!

Kisu_Butu: Yasuke si wanasema wa Msumbiji? Basi ni mjomba wangu, mirathi yangu iko wapi.

Binti_Lindi: Aliyeandika Msumbiji ni padri wa karne ya 17, yeye mwenyewe hakumwona. Usijipe mirathi.

Mkanda_Njano: Nyie mna nafuu. Mwalimu wetu wa karate anatuambia karate ni urithi wa samurai. Karate ni ya Okinawa, wakati ule Ufalme wa Ryukyu, na samurai wa Satsuma, jimbo la kusini mwa Japani, ndio waliowavamia 1609! Nilipomwambia akanipigisha pushapu hamsini, na ada ya mtihani wa mkanda akaipandisha siku hiyo hiyo.

Mzee_wa_Gahawa: Hee! Mjukuu wangu naye katozwa ya mkanda mara mbili.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye simu yangu. Alinikatia katikati ya neno.

Kisu_Butu: Mkanda Njano, huyo mwalimu si yule mwenye kipara, anayefundisha nyuma ya gereji?

Mkanda_Njano: HUYO HUYO!

Binti_Lindi: Mdogo wangu alipewa mkanda wa kijani uliochovywa rangi. Ukichuja kwa jasho, tumbo lote kijani.

Mzee_wa_Gahawa: Kwenu njano kwenda chungwa ni shilingi ngapi?