Msaada: binti yangu form two, homework tiki tupu ila jaribio la hesabu kapata 14. Tuisheni au bweni?

Mama_Tabata: Wakuu habari za jioni. Binti yangu anasoma shule ya kata, homework za hesabu zote tiki lakini jaribio la darasani kapata 14, na la kabla ya hapo lilikuwa 11. Mtihani wa taifa ni Novemba na F inaanzia 29 kushuka chini, hata usingizi sina. Nimtafutie tuisheni au nimpeleke bweni? Msinitukane jamani.

Mzee wa Buza: Bweni! Sisi tulikula maharage yenye wadudu, logi tunatafuta kwenye four figure kwa taa ya chemli na tukatoboa. Hawa simu zimewamaliza.

binti_moro: Mimi hesabu nilipata F na leo nina duka langu la vipodozi, usimuue mtoto dada.

Ticha Kokotoa: Mama, tiki tupu nyumbani halafu 14 darasani, hizo homework anafanya nani?

Mama_Tabata: Mwenyewe, mjomba wake anamsaidia kidogo.

Ticha Kokotoa: Kidogo kiasi gani?

Mama_Tabata: Haya nisiwafiche. Mdogo wangu kamaliza chuo anasubiri ajira, anakaa kwangu, yeye ndo anakokotoa usiku kwenye karatasi, mtoto anakopi asubuhi kabla ya daladala. Lakini akienda bila homework anachapwa, mlitaka nifanyeje? Na huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, namsemaje? Halafu bweni nimeshalipa nusu ada.

Kiboko wa Nyuzi: Hii chai. Umeshalipa halafu unaomba ushauri? Na sasa hivi mtoto kashasajiliwa mtihani, shule gani inampokea? Mods futeni.

Mama_Tabata: Chai ya nini ndugu yangu, anahamia Januari akiingia form three. Mwanangu analia chumbani we unaniambia chai.

Ticha Kokotoa: Achana naye mama. Usiku huu weka simu mbali, mjomba atoke nje, mpe swali hili: umri wa baba na mwanawe jumla ni miaka 48, baba ni mara tatu ya mtoto, kila mmoja ana miaka mingapi? Liandike kwa Kiingereza kama linavyokuja kwenye pepa, halafu uniambie kaandika nini.

Mama_Tabata: Kakaa nalo weee, mwisho kaandika 48 × 3 = 144. Nikamsomea kwa Kiswahili, akanijibu mtoto 12 baba 36, hata kalamu hakushika!

Ticha Kokotoa: Basi hesabu ipo, kinachomwangusha ni lugha ya swali. Kama msingi kasoma shule za kawaida, hadi la saba Hisabati ilikuwa kwa Kiswahili, kufika form one kila kitu Kiingereza, nafundisha na nawaona wanavyopotelea hapohapo. Mjomba abaki ila kalamu ashike mtoto. Swali moja la maneno kila jioni, wasome sentensi kwa sentensi, mtoto aseme kwa Kiswahili anaulizwa nini na x ni nini, ndo aandike. Akikosa aende na kosa lake hivyohivyo shuleni mwalimu alione.

Mama_Tabata: Na wakimchapa?

Ticha Kokotoa: Kesho nenda wewe kwanza, ongea na mwalimu wake, mwambie ukweli wote kama ulivyotuambia hapa.

Mama_Tabata: Nitaenda. Ila ile nusu ada wanarudisha kweli?

binti_moro: Risiti unayo?