Bima imekataa dawa ya homa ya ini C ya mke wangu, tupo Mtwara. Nianzie wapi?

Mwana Shangani
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikosesha usingizi, naomba mawazo yenu, hasa mlioko kwenye afya na bima.

Mke wangu anafundisha shule binafsi hapa Mtwara mjini. Watu wa damu salama walipita shuleni kwao, akachangia. Baadaye akapigiwa simu aende, akaambiwa damu yake imeonyesha homa ya ini C. Si B, ni C. Nyumbani hakuna aliyejua kama kuna C. Haumwi popote, anafundisha kama kawaida, Jumamosi yuko shamba.

Daktari akamwandikia vidonge vya miezi mitatu. Tukapeleka karatasi bima (ni bima binafsi, mwajiri wake ndiye anayemlipia), wakajibu kwa simu kwamba dawa hiyo haimo kwenye mafao, tujilipie. Duka moja la Dar limetutajia bei ya kuuza shamba la mikorosho, na korosho zenyewe ndiyo kwanza ziko kwenye maua.

Bima inabanika? Dawa inapatikana wapi kwa bei ya mtu wa kawaida? Na je, mimi na watoto tupo salama? Tunao wawili na tulikuwa tunapanga wa tatu. Nawasilisha.

Kaka Msimbati
Pole mkuu. Kuna mzee huku njia ya Nanyamba ana mizizi ya kusafisha ini, shemeji yangu alipona manjano kabisa. Nicheki pembeni nikupe namba.

Nesi Mstaafu
Msimbati, mwanangu, manjano mengi huondoka yenyewe, halafu mzee ndiye anayepokea sifa. Hiyo mizizi inapita kwenye ini hilohilo lenye virusi. Mwacheni mama wa watu. Na uraka, hiyo pombe ya mabibo, asiguse, hata wa harusini.

Kuhusu nyinyi nyumbani: C inapita kwenye damu. Sahani, kikombe, kukumbatiana, hapana. Nyembe, mashine za kunyolea, mswaki, mkasi wa kucha, kila mtu awe na chake. Kwa wanandoa uwezekano ni mdogo, lakini wewe upime. Watoto nao wapimwe, kwa sababu mama mwenye virusi huweza kumpa mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua, kama watano au sita katika 100. Chanjo ya C hakuna, msije mkauziwa. Iliyopo ni ya B.

Huyo wa tatu msubirisheni kidogo. Atibiwe kwanza, na akiwa kwenye dozi atumie uzazi wa mpango.

Maabara Kwanza
Mkuu, kabla hujagombana na bima, alipimwa kipimo gani? Naomba usome karatasi yake neno kwa neno.

Nauliza kwa sababu kipimo cha mwanzo kinatafuta kingamwili. Kingamwili zinasema mwili uliwahi kukutana na kirusi, hazisemi kama kirusi kipo leo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 30 katika kila 100 walioambukizwa huviondoa virusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, ila kingamwili zinabaki kwenye damu. Huyo akipima tena ataambiwa "una C" wakati hana cha kutibu. Kinachothibitisha ni HCV RNA, yaani kuvipima virusi vyenyewe.

Mwana Shangani
Imeandikwa anti-HCV. RNA siioni mahali. Dawa imeandikwa Epclusa.

Maabara Kwanza
Basi hamjajua bado kama anahitaji dawa. Nenda RNA. Mashine ya GeneXpert, ileile ya TB, inakifanya hicho kipimo kukiwa na katriji ya HCV. Mashine siku hizi zipo, katriji ndiyo kesi. Piga simu Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mitengo kabla ya kupanda bajaji. Wakikosa, waulize kama sampuli inaweza kusafirishwa Dar, maana damu kusafiri ni rahisi kuliko mtu.

Siku hiyohiyo apime FBP (picha kamili ya damu), vimeng'enya vya ini na HBsAg, kipimo cha homa ya ini B. AST, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, ikipigiwa hesabu pamoja na chembe za kugandisha damu, daktari anapata picha kama ini limeanza makovu. Ni vipimo vya kawaida, usikubali mtu akupeleke kwenye mashine za gharama kabla ya hapo.

Mfamasia Masasi
Kwenye neno Epclusa ndipo bei yako ilipolala. Hilo ni jina la biashara la kampuni ya Gilead. Ndani yake kuna sofosbuvir miligramu 400 na velpatasvir miligramu 100. Ukipeleka jina la biashara utapewa bei ya jina.

Sofosbuvir ilipopitishwa Marekani Desemba 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, dozi ya wiki 12 dola 84,000. Hata Wamarekani wenyewe bima zao ziliwakatalia. Mwaka 2014 Gilead ikaingia mkataba na viwanda vya India vitengeneze dawa hiyohiyo kwa ajili ya orodha ya nchi, na Tanzania imo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 inataja dola 60 kwa wiki 12 za sofosbuvir na daclatasvir. Hiyo ni bei ya manunuzi makubwa, usiende nayo dukani kugomba, lakini ikupe picha kwamba uliyotajiwa si bei ya dawa peke yake.

Mwombe daktari aandike majina ya dawa yenyewe: sofosbuvir/velpatasvir, au sofosbuvir na daclatasvir. Zote mbili zinatibu aina zote kubwa za kirusi, na wanaopona ni zaidi ya 95 katika 100. Kisha ulizia maduka zaidi ya moja. Lisipokuwa na mzigo, muulize mfamasia kama kuna mwagizaji mwenye leseni anayeweza kuombea kibali TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa jina la mgonjwa. TMDA wana ofisi ya kanda hapohapo Mtwara, ukitilia shaka chupa wapelekee waiangalie. Za kutumiwa na mtu wa mtandaoni kwenye basi, hapana.

Mweleze daktari kila anachomeza. Omeprazole inaipunguza nguvu velpatasvir. Dawa ya TB yenye rifampicin haiendi na sofosbuvir. Na hiyo HBsAg aliyosema Maabara si ya kupamba karatasi: mwenye B na C pamoja, C ikitibiwa B inaweza kuamka kwa fujo.

Karani wa Madai
Nimekaa dirisha la madai miaka mingi, naongea ninachokijua. Jibu la simu si jibu. Waandikie wakupe kukataa kwao kwa maandishi, wataje na kifungu.

"Dawa haimo kwenye orodha" na "ugonjwa haufidiwi" ni vitu viwili tofauti. La kwanza mara nyingi lina mlango: daktari anaomba idhini maalumu, anaambatanisha majibu ya RNA, hali ya ini, majina ya dawa na proforma (karatasi ya makadirio ya bei kutoka dukani) ya bei ya chini. Ukweli mchungu ni kwamba ombi lenu la kwanza, lenye kingamwili tupu na jina la biashara, hata mimi ningelirudisha. La pili ni gumu, hapo soma mkataba mwenyewe.

Mkataba anao mwajiri. Mkeo ni mnufaika, mteja ni shule. Barua ya mkuu wa shule inasomwa haraka kuliko yako, hasa mkataba ukikaribia kuhuishwa. Mkimaliza ngazi za ndani na bado wamegoma, kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mlindi Halisi
Karani anasema kweli ila hiyo safari ni ndefu. Mimi nilitibiwa C, bima ilinigomea mpaka mwisho. Mwajiri akanikopesha, wakawa wanakata kwenye mshahara, ndugu wakaongezea. Kama mambo ni mabaya zaidi, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali yupo, muone mapema, usisubiri deni.

Dawa yenyewe kidonge kimoja kwa siku, kichwa kiliniuma mwanzoni, basi. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho nikarudia RNA, haikuonekana kitu. Kilichonichosha ni barabara ya Dar, wenye kuijua Somanga wakati wa mvua wananielewa.

Mwana Shangani
Mrejesho wakuu. RNA imetoka, virusi vipo. Ini daktari anasema halina makovu, B hana. Mimi na watoto tumepima, hatuna. Dawa imeandikwa upya bila jina la biashara, na proforma mpya imeshuka mpaka sasa tunaongea mkopo, shamba limepona. Shule imeandika barua, bima hawajajibu. Duka linasema chupa moja ipo, nyingine zinakuja. Aanze?

Mfamasia Masasi
Asianze. Chupa ina vidonge 28, zinatakiwa tatu. Ini halina makovu, kwa hiyo kungoja kidogo hakutamdhuru, ila kukatisha dozi katikati kunaweza kukuharibia yote. Lipa kianzio, wakuandikie risiti ya chupa tatu, siku zikifika zote mkononi, tazama tarehe ya kuisha, ndipo ameze ya kwanza. Huo muda wa kungoja mzigo mpe Karani kazi na bima yako.

Karani wa Madai
Na risiti zote zitunze, ziwe na jina la mke wako, si lako. Wakikubali baadaye, wanaweza kurejesha ulicholipa. Jina likiwa tofauti hawarudishi hata mia.