Nyota ya Algol wanajuaje uzito wake?

Wakuu naomba kueleweshwa, nyota hata kwa darubini ni kidoti tu, sasa uzito na ukubwa wanapimaje?

— Mkuu, Algol ina nyota mbili zinazungukana, kila siku 2.87 ile hafifu inaikinga ile angavu na mwanga unashuka kwa kama masaa 10 hivi, hata kwa macho unaona, mnajimu wa Uingereza John Goodricke alishapima hiyo ratiba 1783! Muda wa huko kupatwa (kukingana) ndo unakupa vipenyo ukishajua spidi.

— Na spidi inatoka kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake), mistari myeusi iliyomo inahama kwenda bluu nyota ikija kwetu au nyekundu ikienda mbali, ukiweka kanuni za Kepler za mizunguko unapata uzito: moja kama Jua mara 3, nyingine 0.7.

— Asanteni sana, na umbali je?

— Kipenyo na joto vinakupa mwanga halisi, linganisha na unaoonekana huku, unapata umbali.