Mafundi wameisukuma kalenda ya saa yangu siku 32 mbele, halafu wananiambia nisubiri!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha.

Mwezi wa kumi nilipeleka IWC Da Vinci yangu, saa ya mkono ya Uswisi, ile toleo la kwanza la 1985, kwenye karakana moja hapa Uingereza ifanyiwe servisi: ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta. Jina la karakana siliweki hapa kwa sababu malalamiko rasmi nimeshayapeleka kwao. Tarehe 30 Januari nikarudishiwa. Nafungua boksi, kijishale cha tarehe kiko kwenye 3. Kijishale cha mwezi: Machi!

Kwa wasioijua saa hii, Kurt Klaus, fundi wa IWC, aliijengea kalenda yenye vipande 81. Tarehe, siku ya wiki, mwezi, mwaka wa tarakimu nne, hata mwandamo wa mwezi, vyote vimefungamana na vyote vinarekebishwa kwa kile kitufe cha pembeni cha kujazia. Saa nyingi za kalenda ya kudumu (inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi na miaka mirefu) zina vitundu ubavuni ambavyo unavichokoa na kijiti, kila kimoja na kazi yake. Hii haina, na ndicho kilichonifanya niipende. Ila inakwenda mbele tu. Ukipitiliza hata siku moja, huna namna ya kuirudisha kwa mkono: ama uisimamishe siku zikukute, ama ifunguliwe tena.

Mtu anayejiita fundi wa saa za aina hii anakosaje kulijua hilo?

Nilipopiga simu wakasema walikuwa wanajaribu kama itaruka vizuri kutoka 28 Februari kwenda 1 Machi. Jaribio lenyewe sina ugomvi nalo, maana kuijua Februari ndiyo kazi ya saa hii, na haihitaji kuguswa mpaka mwaka 2100, ambao unagawanyika kwa nne lakini si mwaka mrefu. Lakini jaribio hufanywa kalenda ikiwa bado wazi mezani, kisha inarudishwa mahali pake ndipo saa inafunikwa. Na hiyo 1 Machi mlishaiona. Mkaendelea hadi 3 ya nini?

Sasa sikieni dawa waliyonipa: "Iache izime, uiwashe tarehe 3 Machi." Nimelipa servisi nzima ili saa ikae droo mwezi mmoja! Na dhamana yao inahesabiwa tangu siku waliyoituma, kwa hiyo mwezi huo unaliwa huku sijui kama kazi yao ni nzima au mbovu. Nikitaka waifungue warekebishe, wanadai ni malipo mapya.

Kilichoniuma zaidi ni kile kichupa cha kioo. Saa hizi zilikuja na kichupa chenye kipande cha akiba cha karne, yaani kinachoonyesha tarakimu mbili za kwanza za mwaka, cha kuwekwa mwaka 2200 utakapofika. Sitakuwepo, najua, lakini nilikitunza ili atakayerithi saa akikute. Niliwapa boksi lote kikiwa ndani. Limerudi na kishimo chake kitupu, na kwenye fomu yao ya kupokelea wameandika "saa na boksi" tu. Picha nilizopiga kabla ya kutuma ninazo.

Naomba msaada kwa waliowahi kudai haki kwa mafundi wa huku: picha zile zinatosha, au mpaka niwe na saini yao? Malipo mapya sitoi, na kichupa changu nakitaka.