Dirisha la vioo vya rangi limevimba kuja ndani: tulisukume au tulishushe?

Katibu wa Jengo, Tororo

Ndugu zangu, habari za kazi. Kanisa letu la kijijini ni la matofali ya kuchoma, la enzi za wamisionari, na juu ya madhabahu kuna dirisha la vioo vya rangi lililoletwa kutoka Uingereza. Lina paneli tatu zilizopandana, kila moja kama sm 60 kwa sm 80. Ya katikati imevimba kuja ndani. Tumevuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo tukapata mm 45. Waya zilizoifunga kwenye nondo zimekatika, nondo zina kutu, na mvua ikipiga upande huo maji yanachuruzika ukutani. Vioo viwili vina ufa, kimoja ni uso wa Mchungaji Mwema. Fundi wa madirisha ya aluminiamu anataka kuisukuma irudi, kisha apake silikoni nje yote. Wazee wengine wa kanisa wanataka tufunike kwa plastiki ngumu ya kuezekea. Lipi ni salama?

FundiVioo

Ndugu Katibu, tafadhali huyo fundi asiiguse. Paneli ikisukumwa ikiwa bado ukutani haina pa kupumulia, na kitakachoachia ni kioo.

Chanzo ni joto na uzito. Risasi (madini laini ya kijivu) inayoshika vioo hutanuka karibu mara tatu ya kioo. Mchana inatanuka, usiku inasinyaa, na baada ya miaka mingi inachoka na kupasuka nyufa nyembamba, hasa kando ya maungio yaliyolehemiwa. Puti iliyojaza nafasi kati ya risasi na kioo nayo hukauka na kumomonyoka, na hapo ndipo maji yenu yanapopita. Waya zikishakatika, hakuna tena kinachoizuia paneli kupinda. Mafundi wengi uvimbe ukifika mm 38 wanaishusha paneli. Ninyi mmeshapita.

Silikoni hunasa maji nyuma yake, na siku ya kuibandua huondoka na rangi iliyochorwa.

Kabla ya kushusha, piga picha ndani na nje, mchana wenye mwanga. Andika namba na upande wa kila paneli. Vioo vyenye ufa vibandikwe utepe wa karatasi upande usio na mchoro. Toa chokaa pembezoni kwa patasi nyembamba, kidogo kidogo, bila kuitumia kama mtaimbo. Anza na paneli ya juu, kwa sababu kwa kawaida ukingo wake huifunika ya chini kwa nje ili maji yateremke. Kurudisha ni kinyume: ya chini kwanza. Paneli ibebwe ikiwa imesimama, imefungwa kwenye ubao wa plaiwudi. Ukiibeba imelala, itajikunja katikati kwa uzito wake.

Mama Turathi, Kampala

Nakubaliana na Fundi, ila msikimbilie kuifumua yote. Ikishuka, ilazeni juu ya meza iliyonyooka na mkague maungio kwa lenzi. Risasi ikiwa bado nzima, inaweza kunyooka yenyewe mkiweka uzito mdogo juu ya ubao na kuuongeza taratibu kwa siku kadhaa, penye joto la wastani. Maungio yakiwa yamekatika karibu kila mahali, hapo ndipo mbadilishe risasi, na kabla ya hapo mtandaze karatasi juu ya paneli na kusugua kwa kalamu ya nta ili mchoro wote wa mistari ubaki.

Ule uso msiubadilishe hata kama una ufa. Rangi yake ni unga wa kioo na oksidi za madini, imechomwa kwenye tanuru ikashikana na kioo, na uso wa kuchora upya hautakuwa uleule. Ufa unaunganishwa kwa gundi ya epoksi inayopitisha mwanga, na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Kabla ya patasi kugusa ukuta, pelekeni barua dayosisi na muulize ofisi ya makumbusho ya taifa, Kampala, kama jengo limo kwenye orodha ya urithi.

Katibu wa Jengo, Tororo

Asanteni sana. Puti mnachanganyaje? Na vumbi na kinyesi cha popo kwenye ule uso, tufute na siki?

FundiVioo

Siki hapana. Inakula risasi. Sabuni ya unga na steelwulu pia hapana. Kwanza kagua kama rangi inabanduka. Ikibanduka, acheni kabisa. Ikiwa imara, tumia pamba iliyoloweshwa maji yaliyokenekwa (distilled) kisha ikakamuliwa, uviringishe bila kusugua. Kinyesi kikavu kinyunyizieni maji kabla ya kufagia na mvae barakoa, kwani vumbi lake hubeba kuvu inayoumiza mapafu.

Puti ni unga wa chaki na mafuta ya kitani, tapentaini kidogo, na masizi ili iwe nyeusi. Iwe kama uji mzito. Isukume chini ya midomo ya risasi, yaani kingo zake zinazoshika kioo, kwa brashi fupi, pande zote mbili, nyunyiza chaki kavu inyonye mafuta, kisha safisha kando ya risasi kwa kijiti. Paneli ilale bila kuinuliwa wiki mbili.

Kwenye kulehemu, angalieni pasi ya kulehemia. Lehemu ya bati 60 kwa risasi 40 huyeyuka karibu nyuzi 190, risasi yenyewe 327. Pasi isiyodhibitiwa inatoboa kabla hujashtuka. Vaeni glavu, msile hapo, watoto wasikaribie.

Nondo na Chokaa, Jinja

Msirudishe nondo zile. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na ndiyo inayopasua matofali pale ncha zilipoingia. Wekeni chuma cha pua au shaba nyeupe, na waya mpya za shaba zilehemiwe kwenye maungio. Ncha na kingo zifungwe kwa chokaa sehemu moja kwa mchanga uliooshwa sehemu tatu. Saruji ni ngumu mno. Mtu wa baadaye akitaka kuishusha paneli ataivunja.

Plastiki itageuka njano kwa jua letu, na hewa iliyofungiwa katikati itakuwa joto na unyevu. Wavu wa waya usioshika kutu, uliowekwa sm 5 mbali na kioo, unazuia mawe na popo.

Mkiwa juu na ngazi, angalieni pia waya wa kukinga radi. Kanisa la Namirembe, Kampala, lililotangulia hili la sasa liliungua kwa radi mwaka 1910, na Tororo radi mnazijua.