Sato wa vizimba: kumuuza mzima ufukweni, kumpara, minofu au moshi?

Mfugaji_Igombe:
Wakuu, habari za jioni. Nina sato kwenye vizimba vya ziwani huku Igombe, Mwanza, wengi wamefika nusu kilo. Wanunuzi wa jumla wanakuja wenyewe, wanapima na kulipa papo hapo, ila bei wanapanga wao. Nawaza kuwapara na kuwatoa matumbo nipeleke migahawani, au nitoe minofu, au nibanike kwa moshi. Mwenye uzoefu anilinganishie, hasa kinachobaki mfukoni.

BarafuKwanza:
Mkuu, anzia kwenye mizani. Ukipara na kutoa matumbo, katika kilo 100 zinaondoka kama 10 hadi 15. Ukitoa minofu unabaki na theluthi hivi. Yaani kilo ya minofu iuzwe mara tatu ya samaki mzima ndipo urudishe thamani ya samaki tu, hujamlipa mkataji, hujanunua barafu, hujalipa umeme. Viwanda vya Mwanza vinaweza kwa sababu sangara ni mkubwa, soko la minofu yake liko nje, na hata mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, yana wateja. Sato wa nusu kilo ni vipande viwili vyembamba. Halafu mlaji wa hapa anataka sato na kichwa chake. Minofu achana nayo.

MamaLishe_Kirumba:
Mimi ndiye mnunuzi mnayemzungumzia. Pale soko la samaki la Mwaloni sato wapo, shida leo wakubwa, kesho viganja. Mwanangu, ukiniletea waliolingana, wameparwa na kuchanjwa vizuri, naongeza hela bila kubishana, kwa sababu vijana wangu wanaingia moja kwa moja kwenye karai. Lakini siku ukikosa kuja bila taarifa, wateja wangu wanahamia kwa jirani.

Njia_ya_Geita:
Nabanika samaki. Moshi unafaa kwa safari ndefu na mahali pasipo barafu, ila maji yanatoka na kilo zinashuka sana, kuni nazo ni pesa. Kambare mwenye mafuta anakubali moshi kuliko sato. Kwa Geita peleka mbichi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari halilali tena foleni ya kivuko huku barafu inayeyuka.

BarafuKwanza:
Nakazia hapo kwenye barafu, maana ndipo thamani yote inapookolewa au kupotea. Acha kulisha siku moja kabla ya kuvuna, matumbo yawe matupu. Samaki akitoka kizimbani aingie papo hapo kwenye maji ya barafu, asilale juani kwenye mtumbwi. Kwa joto letu weka kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, tabaka kwa tabaka, na kontena liwe na tundu la kutolea maji. Na matumbo usiyatupe karibu na vizimba, yakioza yanakula hewa ya samaki waliobaki.

Mfugaji_Igombe:
Nimeelewa. Kizimba kimoja nitavuna kidogokidogo kwa oda, waliobaki wachukue wa jumla ili nipate hela ya chakula cha samaki. Mama, unataka ukubwa gani?

MamaLishe_Kirumba:
Gramu 400 hadi 500, wasizidi hapo, sahani zangu ndogo. Wafike kabla ya saa 3 asubuhi. Jumamosi na Jumapili naongeza, nitakupigia jioni ya kuamkia siku hiyo.