Nimelipia steinlesi nikapewa chuma kilichopigwa rangi ya fedha. Mafundi wa kuchomelea Mtwara, mtatuua!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, atakayekwazika anisamehe kesho.

Wanaonifuatilia wanajua huu ni mwaka wa 3 naunda kiindege cha watu wawili nyumbani, Mikindani. Injini ni 13B ya Mazda, ya rota 2 (vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni), cc 1308, niliyoitoa kwenye gari la RX-7. Bado iko kwenye stendi na isipopata ekzosi (bomba la kutolea moshi) ya maana itabaki hapo hapo. (Wale wa "utaangukia baharini", nimeshawasikia, pumzikeni.)

Ugomvi wa rota ni kelele. Injini ya pistoni ina valvu, mlango wa moshi unafunguka kwa hatua. Rota haina valvu. Ncha yake ikishapita, tundu liko wazi, na moshi unatoka kwa kishindo ungali na presha, mara nyingi ungali unawaka. Kila shafti ikizunguka ni vishindo 2. Ukiipeleka mizunguko 6000 kwa dakika, piga hesabu, ni vishindo 200 kwa sekunde. Siku niliyoiwasha bila sailensa, kina mama waliokuwa wanabangua korosho nyumba ya pili walikimbia wakaacha masinia. Mwenyekiti wa mtaa akaja na wazee wawili. Wana haki yao, nikaahidi kutengeneza sailensa.

Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, jina naliacha. Anatengeneza mageti na reli za ngazi, zinang'aa mpaka unajiona. Nikamchorea kila kitu: bomba la ndani lenye matundu, chemba 2, ganda la nje, na maungio ya kuchomekana yaliyoshikwa na springi. Springi si urembo! Mita 1 ya steinlesi ikipanda joto kwa nyuzi 600 inarefuka karibu sentimita 1. Ukiibana kote, lazima itafute pa kupasukia. Nikamwambia pia kwamba moshi wa rota ukibeba mzigo unapita nyuzi 900. Akaitikia, "Nimekuelewa bosi, hiyo ndogo." Bei 480,000, nikamtangulizia 350,000.

Imedumu saa 3 na nusu.

Mwanzoni sauti ilitulia kweli, nikamwita mwenyekiti aje asikie. Baadaye pamba ya glasi iliyojazwa ndani kumeza kelele ikaanza kutoka nyuma kama sufi. Ganda likawa jekundu. Mwisho ungio la kwanza, ambalo jamaa alilichomelea duara zima na springi akaziacha zikining'inia kama hereni, likapasuka upana wa kiganja.

Nikatoa sumaku kwenye spika mbovu. Ikanata pa! Steinlesi ya daraja la 304 niliyolipia hainati hivyo. Kukwangua rangi, chuma cha kawaida, na kipande cha katikati ni bomba la maji lenye zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na moshi wake ni sumu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nauvuta, nikishangaa kifua kinabana.

Nampigia, ananijibu, "Kaka, injini yako ndiyo mbovu. Gari gani linatema moto hivyo? Funga sailensa ya Noah yaishe."

Noah bomba likipasuka utaunguruma mpaka gereji, watu watakucheka. Mpasuko huu ulikuwa sentimita 20 kutoka kwenye mpira wa petroli. Uweke ndani ya boneti, uko juu ya bahari ya Msimbati na abiria pembeni. Fundi maiko wewe, ulifikiria hilo wakati unapuliza rangi?

Najua uko humu, maana ndiko nilikokupata. Nirudishie 350,000 yangu. Na zile flenji 2 (sahani za kuungia bomba) nilizokuletea kwa mkono wangu, zilizokuwa steinlesi ya kweli, ziko wapi? Hizi ulizofunga zimenata sumaku.